Mkwe wangu amevuta waya chumbani kwangu

Jumapili, mwezi wa saba. Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa baridi unaookota vumbi la malori barabarani na kulipiga kwenye meno. Jua lipo, lakini ni la kutazama tu, halipashi kitu ila bati la nyumba.

Nimeoga mara mbili na bado nanuka manyoya ya kuku.

Afadhali yangekuwa ya kuku wa kupika. Haya ni manyoya yaliyoungua pamoja na kinyesi chake na plastiki juu yake. Harufu imeingia kwenye vitenge, kwenye nywele, mpaka kwenye unga. Mchana nimemega tonge nikalirudisha kwenye sahani, mate yamenijaa mdomoni, si mate ya njaa. Naandika huku nimejifunga mtandio puani kama mtu anayepita jalalani.

Mnaonisoma hapa mnanijua. Darasa langu liliishia la nne, na blogu hii binti yangu Esta alinifungulia kwenye simu ili nipunguze kumsemesha yeye. Basi msinisahihishe. Leo nina mengi na yote yananichefua.

Nianze na mtoto, maana yote haya ni kwa sababu yake.

Esta alikuja kujifungulia kwangu, kama tunavyofanya kwa uzao wa kwanza, na Mungu akatupa Gifti. Ni mume wangu huyo, ndivyo ninavyomwita, mjukuu wa kiume si ni mume wa bibi yake? Lakini alizaliwa mdogo, kiganja chake chote kinakaa juu ya kidole changu kimoja. Baridi ilipokaza, kifua kikaanza kukoroma. Nesi akatuambia tumlinde na baridi kama tunavyolinda moto wa jikoni usizimike.

Kwetu chumba cha mzazi kinapashwa kwa jiko la mkaa. Mimi nimeapa jiko la mkaa halitaingia tena chumbani mwa mtu kwenye nyumba yangu. Jirani zetu walilala na jiko, madirisha wameziba kwa ajili ya upepo, wakaamka wao wawili, mtoto hakuamka. Nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwogesha kwa mara ya mwisho. Sitaki kuliandika zaidi ya hapo.

Kwa hiyo niliposikia mkwe wangu ataleta hita ya umeme, nilishukuru kweli. Nilimsifia mpaka kanisani.

Sasa mkwe wangu huyu ni fundi wa simu na redio, ana kibanda chake Nakonde, upande wa pili wa mpaka, Zambia, sisi tuko huku Tunduma. Jina lake silitaji, si hapa wala popote, kwa sababu kwetu jina la mkwe halitoki kinywani mwa mama mkwe. Wasomaji wa mbali nawaeleza: mimi na yeye hatuangaliani. Tukikutana njiani mmoja anakata kona mpaka mwenzake apite. Hatuongei, hatuli pamoja, na hakanyagi ndani nikiwemo. Mtoto wake mwenyewe alikuwa akipelekewa nje, ukutani kwa jiko la kuni, anamtazama na kumbeba hapo, na mimi nimejifungia ndani kama mwali. Itakuwa hivyo mpaka wazee wamwingize kwa heshima, kwa kuku na ugali wa sherehe, na siku hiyo haijapangwa.

Ni adabu nzuri. Nimelelewa nayo na nimeipenda. Leo ndiyo mara ya kwanza imenitia kichefuchefu.

Hita ilikuja Jumatatu, mkwe wangu akaifunga nikiwa sokoni nauza maharage yangu. Niliporudi nikakuta imekaa chini karibu na kitanda cha mzazi, na juu yake ukutani boksi jeupe lenye taa mbili ndogo. Esta akanieleza kwa furaha yote, mpaka anapiga makofi. Ndani ya boksi kuna laini ya simu, na kuna vitu viwili vinaitwa rilei. Rilei ni swichi isiyohitaji kidole. Meseji ikifika inajibonyeza yenyewe, unasikia tk. Rilei ya kwanza inawasha nyaya za moto za hita. Ya pili inawasha feni yake. Ukitaka joto unawasha zote mbili. Mchana bati likipata jua na chumba kikawa kama tanuri, unawasha feni peke yake, inapuliza hewa ya kawaida. Mkwe wangu ameifungua hita yenyewe akatenganisha nyaya, ili kitu kimoja kifanye kazi mbili.

“Kwa hiyo mimi nikitaka kuwasha nafanyaje?” nikauliza.

“Wewe huwashi, mama. Anawasha yeye akiwa kazini.”

“Na kuzima?”

“Anazima yeye.”

Sikulipenda hilo. Lakini nani nimwambie? Mwenyewe hasemeshwi.

Wiki nzima tukaishi hivyo. Tumekaa na mtoto, kumetulia, mara tk, tk, hewa ya moto inatujia usoni kama pumzi ya mbwa. Mtu yuko Nakonde anafungua simu ya mteja, anamkumbuka mkewe, anabonyeza. Gifti anaanza kutoka jasho. Esta anampigia, haipatikani, kwa sababu akiwa ndani kule mtandao wa huku humpoteza. Mara tk, moto umekata, feni ya baridi inamwendea mtoto mwenye jasho. Nilikuwa najitandaza katikati na kitenge changu kama ukuta.

Na ile harufu. Tangu siku ya kwanza. Nikamwambia Esta kuna kitu kinaungua mle. Akasema, “Ni upya wake, mama, vitu vipya vinanuka.” Kesho yake nikiwa sokoni, mteja wangu mmoja wa Zambia, mama mnene mcheshi, akainama kuchagua maharage, akanusa, akacheka, akanisalimia kwa lugha yake. “Mwapoleni bamayo! Leo umebabua kuku ngapi? Mbona hujatuletea na sisi?”

Nikacheka naye. Sikuwa nimebabua kuku.

Nikarudi nikamtuma Esta: mwambie mumeo hita yake inanuka manyoya, na ule waya alioutoa juu kwenye taa ni wa moto nikiushika. Maana nilikuwa nimeona. Waya wa hita ulipanda ukutani mpaka darini, akauzungushia kwenye nyaya za balbu, akafunga kwa tepu nyeusi, basi. Pale pa kuungia palikuwa panafuka joto, tepu inateleza inatoa utomvu unaonata. Niligusa nikapangusa kidole kwenye ukuta, alama ipo mpaka leo.

Esta akarudi na jibu. “Anasema asante mama, anashukuru umeipenda.”

Mungu anisamehe, nilimtazama mwanangu nikatamani kumchapa. Anampenda mumewe, hataki aone haya. Kila neno langu lilipopita kwake lilitoka upande wa pili limepakwa asali. Na mimi nikanyamaza. Adabu.

Jana Jumamosi, jua likiwa bado juu, nimerudi sokoni mapema kwa sababu moyo ulikuwa hautulii. Esta alikuwa uani anafua nepi, mgongo ameupa nyumba, anaimba. Mtoto amelala ndani. Nikafika mlangoni nikasikia ile harufu, lakini si ile ya kila siku. Hii ilikuwa inakaba.

Nikasukuma mlango.

Hita ilikuwa inawaka, nyaya zake nyekundu kama jicho la mlevi, na feni imesimama. Haizunguki kabisa. Joto halina wa kulisukuma, limebaki mle ndani ya plastiki linaila. Uso wa hita ulikuwa umelegea, unadondoka chini kama kamasi. Moshi mweusi. Na kule juu darini waya wa taa ulikuwa umevimba, tepu inatona.

Gifti alikuwa kitandani, hatua chache, amefumbua macho. Hakuwa analia. Hilo ndilo linanirudia kila nikifumba macho: alikuwa anautazama moshi.

Nilimnyakua na blanketi lake, nikampigia kelele Esta, nikamtupia mtoto mikononi uani. “Kizime!” namwambia. “Kizime hicho kitu!” Naye anazunguka na povu mikononi, “Kwa nini, mama? Wapi?” Kweli, wapi? Kitu hakina swichi. Swichi yake iko mfukoni mwa mtu Nakonde.

Nikakimbilia chumbani kwangu, maana meni swichi ya nyumba nzima iko huko, juu ya kitanda changu. Marehemu mume wangu alijenga chumba kile kwanza, umeme ukaingilia pale, nyumba ikaongezeka baadaye. Nikapanda kitandani na viatu, nikaishusha. Tk. Nyumba yote ikafa.

Nilikaa kitandani nikatapika kwenye upindo wa kitenge changu.

Hita ilipopoa niliiburuta nje kwa fimbo, sikutaka kuigusa. Nikachukua kisu cha jikoni nikaikwangua uso. Esta akasema acha mama. Sikuacha. Nilitaka kujua mjukuu wangu alikuwa anavuta nini.

Manyoya. Manyoya laini ya vifaranga, yameshikana na kinyesi kikavu, yamejaza pale feni inapovutia hewa mpaka yamekuwa kama mto. Katikati yake mjusi, amekauka, mkia umeungua. Na unga wa njano ulionuka banda. Hita haikuwa mpya. Ilikuwa inapasha vifaranga vya mtu huko Nakonde, na mkwe wangu aliinunua, akaipangusa juu kwa kitambaa, akaileta kwa mwanawe mwenye kifua kibovu.

Wiki nzima. Hewa iliyopita kwenye yale ndiyo iliyokuwa inapuliziwa mtoto usoni.

Esta alipoona mjusi akaweka nepi chini, akaenda nyuma ya choo, nikamsikia. Hakusema tena habari ya upya.

Mkwe wangu alifika jioni jua likiwa halijazama, amekimbia kutoka mpakani, habari ameipata huko kwa majirani. Mimi nikaingia jikoni nikajitanda mpaka machoni. Yeye akasimama nje ya ukuta wa jiko akatupa mgongo, kama inavyotakiwa. Esta katikati, na mtoto.

“Mwambie,” nikasema, “alitaka kuniulia mume wangu.”

Esta akageuka. “Mama anasema pole na safari.”

“Sijasema hivyo!”

“Mama amestuka kidogo tu...”

Pale pale nikatoka jikoni. Nikasimama uani, mtandio umeanguka mabegani, nikamsemesha mkwe wangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

“Baba Gifti. Geuka uone ulichomletea mwanao.”

Esta akaficha uso. Yule kijana wa watu alichuchumaa chini kama aliyepigwa, akapiga makofi ya heshima, macho ardhini. Sikumwacha. Nikalisukuma lile lidude kwa fimbo mpaka miguuni pake, mjusi akiwa juu.

“Ni nini hiki?”

“Hita, mama.”

“Na hiki?”

Akajibu kwa sauti ndogo sana, “Mjusi, mama.”

“Uliufungua huu mtambo ukatenganisha nyaya, hukumwona mjusi?”

“Nilifungulia upande wa nyuma tu.”

Nikamwuliza mbona feni imesimama na moto unawaka. Akaeleza, na nashukuru alieleza bila kuzungukazunguka. Anatuma meseji mbili, moja ya moto, moja ya feni. Boksi lake lina laini ya huku, lakini hapa kwetu laini hujiendea upande wa Zambia zitakapo, kila mtu wa Tunduma anajua, hata saa za simu zinachanganyikiwa. Meseji ya moto ilifika. Ya feni ilibaki angani.

“Kwa hiyo uhai wa mtoto ulikuwa unategemea meseji?”

Sikumngoja ajibu.

“Na hakuna kitu cha kuikata ikizidi moto?”

“Kilikuwepo, mama. Kidude kidogo. Kilikuwa kinakata kila mara, nikakiunga moja kwa moja.”

“Kilikuwa kinakata kwa sababu kilikuwa na akili kukushinda.”

Esta akatoa sauti, sijui kucheka sijui kulia.

Halafu nikamwuliza swali ambalo jibu lake limeninyima usingizi. Kwa nini umeunga kwenye waya wa taa? Hata mimi nisiyesoma naona waya ule ni mwembamba kama uzi wa viatu.

Akasema, “Hita inakunywa umeme kama ng'ombe, mama, ilitakiwa waya mnene kutoka meni swichi. Najua. Lakini meni swichi iko chumbani kwako. Ningeingiaje chumbani kwa mama?”

Alijua. Alijua njia sahihi, akaiacha kwa sababu ya heshima yangu. Alitaka kunistahi, akaunga moto juu ya kichwa cha mwanawe. Na mimi wiki nzima nashika waya wa moto, nanusa manyoya, najitanda mtandio nanyamaza, kwa heshima hiyo hiyo. Tulikuwa watu wawili wenye adabu sana, na katikati yetu mtoto anaungua.

Hapo kinyaa kilihama kutoka kwenye hita kikaja kwetu sote.

Nikamwambia kesho utaingia.

Usiku mtoto alilala kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, blanketi juu, kama nesi alivyotufundisha. Alikoroma lakini alikuwa na joto. Kumbe joto la kwanza tulikuwa nalo bure.

Leo baada ya ibada akaja. Jana ile ile alikuwa amekwenda kwa fundi wa umeme mwenye leseni, kaka mmoja wa Vwawa, akachorewa namna ya kufunga. Akaja na hita nyingine, mpya kweli, nimeinusa mbele yake pande zote kama ninavyonusa samaki. Hakuifungua. Feni na nyaya za moto zimefungwa pamoja tangu kiwandani na zitabaki hivyo, moja haiwaki bila mwenzake. Na kile kidude cha kukata kimo, hakiguswi. Ya kupoza atanunua feni ya mezani, kitu chake peke yake, na boksi litafungwa kwa namna kwamba hita ikiwaka, njia ya feni imekatika, ya huyu ikiwa wazi ya yule imefungwa. Rilei zile ndogo hazitabeba hita tena. Zitaamrisha swichi kubwa yenye nguvu, na hiyo ndiyo itabeba. Waya mnene, na fyuzi yake yenyewe, na waya wa ardhi.

Nikashusha meni swichi mwenyewe, nikatoka, nikamwambia ingia.

Sikutegemea itaniuma vile. Nilikaa uani nasikia nyayo za mwanaume mwingine kwenye sakafu ya chumba changu, nasikia kitanda changu kinasogezwa, ngozi inanisisimka kama mtu anayepitiwa na tandu. Kisha nikakumbuka. Kopo. Kopo langu la haja za usiku liko chini ya kitanda, na kwa mambo ya jana sikulimwaga.

Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Nimwambieje?

Wakati huo huo nani anaingia getini na kikapu cha karanga kichwani? Wifi yangu, dada wa marehemu, ametoka Ndalambo kumwona mtoto. Akapita moja kwa moja ndani kama kawaida yake. Nikasikia kikapu kinaanguka.

“Yesu wangu! Miguu hii ni ya nani?”

Kutoka chini ya kitanda sauti ikajibu, “Ni mimi, shangazi. Shikamoo.”

“Shikamoo ya chini ya kitanda cha mama mkwe wako? Toka! Hapana, usitoke! Usinitazame!” Akaja uani anapepesuka, karanga zimemwagika kila mahali. “Mama Esta, umerogwa? Kaka yangu yuko kaburini anageuka! Ndalambo watasema nini? Mkwe chumbani, na hata kuku wa sherehe hajala!”

Nilimshika mkono nikampeleka kwenye ile hita. Sikueleza kitu. Nikainua kipande cha plastiki kwa fimbo, nikamwonyesha manyoya, nikamwonyesha mjusi, harufu ikampata. Wifi yangu amezika watu wengi, si mwepesi wa kuchefukwa. Aligeuka akatema mate mara mbili.

“Hii ilikuwa chumbani kwa mtoto?”

“Pembeni ya kichwa chake.”

Akajifuta mdomo. Akatazama mlango wa chumba changu, akanitazama mimi. “Haya. Lakini mimi sijaona miguu ya mtu.” Akaanza kuokota karanga.

Mkwe wangu alipotoka alikuwa amebeba kopo, limefunikwa na gazeti, mkono mmoja, uso ameuelekeza ukutani. Akapita nyuma mpaka chooni, akarudi akaliosha bombani, akaliweka hapo. Nilitaka ardhi ipasuke. Hata sasa nikiandika, masikio yanawaka.

Lakini nawaambia ukweli, ni aibu. Haiui mtu. Jana ilikuwa adabu, na ilikaribia kuua.

Alipomaliza akataka kuwasha kwa simu anionyeshe. Nikakataa. Nikamwambia wewe ni mtu wa umeme, nisaidie: je, inawezekana simu yako iweze kuzima tu? Kuwasha awashe aliye chumbani na mtoto, anayeona, anayenusa. Ukiwa huko unaogopa imezidi, zima. Lakini usituwashie moto ukiwa huoni.

Akasema inawezekana, kitufe cha kuwashia kikae ukutani, boksi libaki na kazi ya kukata, na umeme ukikatika wote ukirudi hita isiwake yenyewe. Akasema, “Sikuwahi kuliwaza upande huo, mama.” Akakaa na bisibisi yake akafunga upya. Wifi akamshikia tochi, yule asiyeona miguu.

Gifti harudi chumba kile leo. Yule fundi wa Vwawa anakuja kesho akague kila kiungo kwanza, hilo nimelisema na halina mjadala. Lakini nikawa na neno moja zaidi kwa mkwe wangu.

“Ingia mle,” nikasema, “funga mlango na dirisha. Washa. Kaa.”

“Mpaka lini, mama?”

“Mpaka nikwambie.”

Aliingia. Mimi nikaweka kigoda nje ya mlango, nikampa mgongo, mtoto nimempakata, adabu iliyobaki si haba. Nikasikia kitufe, nikasikia feni. Nikamwuliza unanusa nini. Hakuna kitu, mama. Gusa waya. Ni wa baridi, mama. Gusa kwenye kiungo, gusa na ukuta. Baridi. Subiri, gusa tena. Tukaendelea hivyo, mimi nauliza, yeye anajibu, hakuna wa kupaka asali katikati, Esta anatutazama kutoka uani na nepi zimeganda mikononi. Jua likawa limelipiga bati, na mle ndani lazima palikuwa kama chungu kilichofunikwa. Nilimsikia anahema. Alikuwa ameketi pale mtoto alipolala wiki nzima, anapuliziwa usoni.

Mwisho akaita. Sauti ilikuwa imebadilika.

“Mama. Joto hili ni kali sana kwa mtoto.”

“Ndiyo, baba.”

“Nilikuwa sijui.”

“Basi zima,” nikamwambia. “Kwa mkono.”